Jenga kijahazi chako cha mezani, na ufufue kile cha babu bila kukiharibu

Haya wakuu, mwongozo huu ni wa yule mtu anayependa vyombo vya baharini, ana meza, ana wikendi, na uvumilivu wa kutosha kusubiri gundi ikauke. Tunajenga modeli ya jahazi, jahazi hili hili la mwambao wetu, halafu mwishoni naingia kwenye kukarabati modeli ya zamani iliyovunjika maana hapo ndio watu wengi wanaharibu kwa nia njema kabisa. Sijachagua zile meli za kivita za Ulaya zenye milingoti mitatu, zile zinakuja kwenye boksi kila kipande kimeshakatwa na leza, bei yake ukijumlisha usafiri na ushuru unaweza kughairi kabla hujaanza. Jahazi lina tanga moja kubwa, kamba chache, mapambo kidogo. Kinachobaki ni bodi, yaani kiwiliwili chenyewe cha chombo. Na nasema mapema kabisa, kijahazi kinapendeza au kinachukiza kwenye bodi, lakini watu wanakimbilia tanga na vanishi kwa sababu ndio vinaonekana, matokeo yake unapata kile kitu cha duka la zawadi, tumbo kama boga halafu juu kuna tanga zuri limepigwa pasi.

Hatua ya 1: chagua chombo cha kweli

Usijenge "jahazi" tu la kichwani. Chagua moja lililopo, lenye mwenyewe, lenye jina ubavuni. Jahazi la Lamu halifanani na mashua ya Unguja, na ngalawa ni kitu kingine kabisa, ile imechongwa kwenye gogo la mwembe na inasimama kwa ndubi zake mbili, vile vielea vya pembeni. Ukiwa karibu na bahari nenda Bagamoyo, Nungwi, Kilwa, au Matondoni kule Lamu, sehemu ambazo bado vyombo vinajengwa na kutengenezwa ufukweni. Na nenda siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji yakitoka yanatoka kweli, chombo kinabaki kimekaa mchangani kimeegeshwa kwa magogo na unaona kila kitu mpaka mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo. Ukienda siku za maji mafu utarudi na picha za nusu ya juu tu na nusu ya chini ndio ilikuwa shida yako.

Kabla hujatoa futi kamba, salimia. Hili sio la adabu tu, ni la kazi, maana mwenye chombo akikuzoea anakuonyesha mambo ambayo hukujua hata kuuliza. Mzee mmoja pale Bagamoyo alinikuta nazunguka mashua yake na futi, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitika marahaba mwanangu, halafu moja kwa moja, "Unapima nini hapo, wewe mtu wa kodi?" Nilipomwambia nataka kutengeneza kadogo ka mezani alicheka, akachukua ufito mwembamba uliokuwa kwenye mchanga akaulaza juu ya mataruma, yaani mbavu za chombo, kuanzia omo (mbele) mpaka tezi (nyuma), akafumba jicho moja akachungulia. Pale ufito ulipoachana na taruma palikuwa na mwanga, akaweka alama ya penseli, akanionyesha kwa kidole bila kusema kitu. Hiyo ndio hesabu yote. Mafundi wetu hawachori kwenye karatasi, jicho na ufito vinatosha, na huo ufito tutaukuta tena mbele.

Picha piga hivi: ubavu mzima kutoka mbali halafu uvute kwa zumu, usisogee karibu maana kamera ya simu ikiwa karibu inavimbisha katikati na kufanya ncha zinywee, utapata umbo la uongo. Halafu piga omo kwa mbele kabisa, tezi kwa nyuma kabisa, na picha kadhaa za vitu vidogo vidogo, usukani, kapi (kigurudumu cha kupitishia kamba), mafundo ya kamba, namna mbao zinavyoisha pale mbele. Mtu asimame pembeni ya chombo kwenye picha ya ubavu, mtu unayejua urefu wake, ndio rula yako ukifika nyumbani. Pima kwa futi vitu vinne tu kama huna muda: urefu wote, upana mkubwa, kina kutoka ukingo mpaka mkuku pale katikati, na urefu wa mkuku wenyewe. Kama upo Nairobi au Dodoma au Toronto, basi tegemea picha, na ukibahatika kufika Makumbusho ya Lamu kuna mifano ya vyombo vya zamani pale, ikiwemo mtepe, kile chombo kilichokuwa kinashonwa kwa kamba za kumbi la nazi bila msumari hata mmoja. Mtepe usiuanze kama ni kazi yako ya kwanza lakini. Nimesema.

Hatua ya 2: skeli, na kwa nini 1:25

Tuseme jahazi lako lina mita 15. Kwenye skeli ya 1:25 linakuwa sentimita 60, linakaa kwenye kabati, na vipande vyake bado vinashikika na vidole vya mtu mzima. Ukishuka mpaka 1:50 unapata sentimita 30, inaonekana rahisi kwa vile ni ndogo, kumbe kapi inakuwa saizi ya punje ya mchele na utatukana. Gawanya kila kipimo kwa 25 na uandike kwenye karatasi moja uibandike ukutani: mtu wa sentimita 170 anakuwa sentimita 6.8, ubao wa unene wa sentimita 4 unakuwa milimita 1.6, ubao wa upana wa sentimita 15 unakuwa milimita 6, kamba ya milimita 40 inakuwa 1.6, kamba ya milimita 12 inakuwa karibu nusu milimita. Halafu kata mtu wa karatasi ngumu mwenye sentimita 6.8 ukae naye mezani mpaka mwisho. Kila unapotengeneza kitu msimamishe pembeni. Akishindwa kufikia kana (mpini) ya usukani au ukingo ukimfika kidevuni ujue umekosea kipimo, na huyo mtu wa karatasi atakuokoa mara nyingi kuliko kikokotoo.

Hatua ya 3: mbao na vifaa

Mbao sio lazima ununue. Nenda kwa mafundi samani, kwa Dar watu wa Keko wanakata mbao kutwa nzima, makombo yanaishia kwenye moto. Omba mkangazi, mfenesi au paini safi isiyo na macho, mwambie fundi akuchanie vipande kwenye mashine unene wa milimita 2 hivi kisha wewe utapunguza kwa msasa mpaka moja na nusu. Mninga ni mzuri kwa kitanda, kwa modeli nyuzi zake ni kubwa mno, ukiangalia unaona kabisa ni samani imekatwa ikawa boti, na vumbi lake linakera kifua. Mtiki unafaa ila una mafuta, futa kwa thina kabla ya gundi la sivyo ubao utabanduka wenyewe usiku. Barakoa vaa kwa mbao zote, usibague.

Kwa mbavu za ndani chukua plaiwudi ya milimita 4. Vingine: kisu cha kukatia chenye wembe wa kubadilisha, msumeno mdogo wa chuma, tupa mbili tatu, msasa namba 120, 240 na 400, gundi nyeupe ya mbao, supagluu kidogo kwa kushikiza tu, pini za washonaji, vibanio vya nguo vingi sana, nta ya nyuki, uzi wa pamba saizi tofauti, vijiti vya mishikaki, na bomba la sindano la duka la dawa kwa kuingizia gundi sehemu finyu. Jiriwa ukiwa nayo vizuri, usipokuwa nayo utajua cha kufanya.

Hatua ya 4: uti wa mgongo na mbavu

Fundi wa ufukweni anaanza na mkuku, anasimamisha mti wa omo na wa tezi, anapandisha mbao za chini, na mataruma mengi yanachongwa kufuata mbao. Mezani njia hiyo ni ngumu kwa anayeanza, kwa hiyo tunageuza, tunatanguliza mbavu halafu mbao zinazifuata.

Chora chombo kinavyoonekana kwa pembeni kwenye karatasi ya miraba kwa saizi yake kamili ya sentimita 60. Gawa urefu kwenye vituo, 10 au 11 vinatosha, na viwe karibu karibu kule omo ambako mkunjo ni mkali. Kila kituo chora ubavu wake, yaani lile umbo ungeliona kama ungekikata chombo hapo kwa msumeno kama mkate. Chora nusu tu, kunja karatasi, kata, fungua, pande zote mbili zinakuwa sawa bila kuhesabu. Sasa kabla hujagusa plaiwudi kata zote kwanza kwa maboksi ya kartoni, zipachike kwenye uti wa kartoni, ziangalie. Hii hatua watu wanairuka. Kartoni ni bure na inakuonyesha saa hiyo hiyo kwamba ubavu wa nne umekuwa mnene kuliko wa tano, kitu ambacho kwenye karatasi hukioni kabisa.

Ukiridhika hamishia kwenye plaiwudi. Uti wa mgongo unakuwa kipande kimoja pamoja na mkuku, una mipasuko ya kupokea mbavu, na mbavu zina mipasuko ya kupokea uti, zinaingiliana nusu kwa nusu. Zisiwe za kulazimisha kwa nyundo, ziingie kwa kusukuma na kidole. Pale mlingoti utakapokaa acha nafasi na uweke mastamu sasa hivi, kipande kigumu chenye tundu juu ya mkuku, maana ukishafunga sitaha huna njia ya kurudi huko. Bandika mbavu juu ya ubao ulionyooka kabisa, uti ukiwa umebanwa, na kila ubavu uhakikishe una pembe mraba kwa kipande cha boksi la dawa ya meno, kona zake zinafaa sana kwa hili.

Hatua ya 5: ufito

Hapa usikimbie. Mbavu zikikauka ukingo wake bado ni mraba, ubao ukilazwa utagusa kona tu. Chukua ufito mwembamba, kijiti cha mwanzi au kipande cha mbao zako, ulaze kutoka omo mpaka tezi kwenye mbavu zote, uone wapi unagusa wapi haugusi. Panapozidi punguza na tupa, panapopungua bandika kipande chembamba cha karatasi ngumu au mbao halafu usawazishe. Rudia juu, katikati, chini, kulia, kushoto. Ufito ukilala kila sehemu bila kuacha mwanga na bila kuruka, umemaliza kazi ngumu kuliko zote na hakuna atakayekupongeza kwa sababu haitaonekana, itafunikwa na mbao.

Hatua ya 6: kupanda mbao

Chukua ukanda wa karatasi, upinde kufuata ubavu wa katikati kutoka ukingo mpaka mkuku, weka alama. Tuseme umepata sentimita 15. Mbao zako zina upana wa milimita 6, kwa hiyo unahitaji 25 kila upande. Sasa pima vile vile kule omo, utakuta padogo zaidi, tuseme sentimita 9. Mbao ni zile zile 25, milimita 90 gawa kwa 25 ni 3.6. Maana yake kila ubao unaanza na milimita 6 katikati na unanyolewa taratibu mpaka 3.6 unapofika omo. Usipofanya hivyo mbao zitapandiana mbele na kuacha mapengo ya pembe tatu nyuma. Ubao usiunyoe chini ya nusu ya upana wake, ikifika hapo bora ubao mmoja uishie njiani na mwenzake achukue nafasi.

Anza juu karibu na ukingo. Ubao mmoja kulia, mmoja kushoto, mmoja kulia, mmoja kushoto, hivyo hivyo mpaka mwisho, usimalize upande mmoja kwanza kwa sababu mbao zinavuta na uti wa mgongo utapinda kama upinde na hakuna kuunyoosha tena. Kabla ya kuupandisha loweka ubao kwenye maji ya moto robo saa, uupinde kwenye chupa ya kioo uufunge na kamba uache ukauke ukiwa umepinda, ndio upake gundi. Ubao unaoulazimisha ukiwa mkavu utakaa leo, kesho joto likipanda unasikia "tak" kabatini.

Kwenye chombo cha kweli mafundi wanatia kalafati, pamba inasindiliwa kwenye viungo vya mbao kuzuia maji. Kwenye modeli unaionyesha tu: kabla ya kubandika kila ubao pitisha penseli laini kwenye ukingo wake mmoja. Baada ya msasa unabaki mstari mwembamba mweusi kati ya mbao na mbao. Wengine wanachora mistari juu kwa kalamu baada ya kumaliza, inaonekana kuwa imechorwa, basi tu.

Hatua ya 7: msasa, deheni na mafuta

Msasa 120 ukiwa umezungushiwa kipande cha kandambili ya zamani, inapinda na umbo la chombo vizuri kuliko kibao. Tukiwa kwenye kandambili, kuna lile jahazi la Flipflopi lililojengwa Lamu kwa plastiki taka na kufunikwa kwa kandambili zilizookotwa ufukweni, mita 9, mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Ukitaka kijahazi cha rangi rangi kwa mtoto hilo ni la kuiga, na unaepuka nusu ya kazi ya rangi.

Kwa jahazi la kawaida chini ya maji kuna deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, rangi yake ni nyeupe iliyochoka. Usipake nyeupe ya ukuta inayong'aa. Changanya nyeupe isiyong'aa na tone la njano na kahawia. Mstari wa maji usichore kwa mkono: weka chombo sawa sawa mezani, funga penseli juu ya kigogo kidogo kwa kimo unachotaka, halafu telezesha kigogo kuzunguka chombo chote. Juu ya mstari huo paka mafuta tu, mafundi wanatumia sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka, wewe usitumie kama unaishi na watu. Mafuta ya kitani mapya au vanishi isiyong'aa mikono miwili inatosha. Na vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye ndoo, vinaweza kushika moto vyenyewe, vianike vimetandazwa nje.

Hatua ya 8: mlingoti, foromali, tanga

Mlingoti wa jahazi umeinama mbele kidogo kuelekea omo, usiusimamishe wima kama wa bendera. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ni ndefu kuliko mlingoti, inaweza kukaribia urefu wa chombo chenyewe, na ya kweli mara nyingi ni miti iliyounganishwa kwa kufungwa kamba, kwa hiyo na wewe unganisha vijiti viwili vya mshikaki ulivyovichonga ncha, zungushia uzi pale vinapokutana. Nyembamba pande zote mbili, nene katikati.

Tanga tumia marekani, kile kitambaa cha pamba ambacho hakijapaushwa, chembamba kadiri utakavyopata. Kifue kwanza kitoe wanga, kiloweke kwenye chai ya rangi iliyokolea usiku mmoja, kianike. Tanga ni la pembe tatu lakini kwenye majahazi mengi ukiangalia vizuri utaona pembe ya mbele imekatwa, kuna upande mfupi pale kwenye joshi. Tanga la kweli limeshonwa kwa mapande marefu, kwa hiyo piga mishono ya mashine iliyonyooka kila sentimita 3 hivi kuonyesha mapande hayo, uzi wa rangi ile ile ya kitambaa, na mishono midogo kadiri mashine itakavyokubali. Ukingo wote shonea kamba nyembamba.

Kila uzi upitishe kwenye nta kabla ya kuutumia, yale manyoya ya pamba yanalala na kamba inaonekana kamba. Henza inapandisha foromali kupitia kapi juu ya mlingoti, demani inashikilia pembe ya nyuma ya tanga, na kamba za kushikilia mlingoti zifunge upande wa upepo tu maana kwenye jahazi zinahamishwa chombo kikigeuka. Hapo mtu anayejua bahari ndio atakukamata, kwa hiyo amua kwanza upepo wako unatoka upande gani halafu kila kitu kifuate hapo. Usifunge kamba zote zikakaza kama gitaa, demani inalegea kidogo, inaning'inia.

Hatua ya 9: kama unataka kielee kweli

Wengi watakiweka kabatini, ruka hii. Wengine sikilizeni. Ukipunguza chombo mara 25, nguvu ya upepo ya kukilaza inapungua mara 25 x 25 x 25, yaani 15,625. Lakini uwezo wa chombo kujiinua unapungua mara 390,625. Kwa upepo ule ule kijahazi chako kinalala kirahisi mara 25 kuliko baba yake. Ndio maana modeli nzuri kabisa inapinduka kwenye upepo ambao hata nahodha asingejisumbua kupunguza tanga. Dawa ni uzito chini kabisa, na kwa vya kukimbizwa, ulimi wa bati au plaiwudi chini ya mkuku wenye risasi mwishoni, unaoweza kuuchomoa ukirudi nyumbani.

Uzito kiasi gani? Jahazi la tani 20 pamoja na mzigo, gawa kwa 15,625, unapata kilo 1.28. Kipime kijahazi kitupu kwenye mzani wa jikoni, kinachopungua kufika hapo ndio shehena yako. Tumia chubwi za mshipi, zipange kando ya mkuku kwenye beseni la maji mpaka chombo kikae kwenye mstari wake bila kuinamia upande, ndipo uzimwagie epoksi zisitembee. Ndani yote ipake epoksi kabla ya kufunga sitaha, gundi nyeupe ya kawaida inayeyuka majini. Rimoti inahitaji servo (vijimota) mbili, moja ya usukani na moja ya demani, lakini hiyo ni habari nyingine ndefu. Na ukiishika risasi nawa mikono kabla ya kula, sio utani.

Sasa ukarabati

Umerithi kijahazi cha babu, au umekiokota mnadani, mlingoti umevunjika, tanga limechanika, vumbi kilo nzima. Swali la kwanza: hiki ni kitu cha duka la zawadi au ni kitu kilichotengenezwa na mtu aliyejua? Angalia mafundo, angalia mataruma ndani kwa tochi. Kama ni cha duka, kivunje ukijenge upya utakavyo. Kama kilitengenezwa na baharia au fundi, kazi yako ni kufanya kidogo kuliko unavyotamani. Fundo aliloliweka yeye linakuambia alivyofunga chombo chake, ukilikata ukaweka la kwako umefuta.

Piga picha kila upande kabla hata ya kupangusa. Vipande vilivyodondoka tia kwenye vimfuko vidogo, andika kila kimoja kilitoka wapi, hata kile kijiti usichokielewa.

Halafu angalia wadudu. Ukikiweka juu ya karatasi nyeupe usiku kucha asubuhi ukakuta unga mpya wa mbao, fukusi wamo ndani na wanakula. Usimwage dawa ya kunyunyizia, inaharibu rangi. Kifunge kwenye plastiki mbili uzibe hewa kabisa, kiingize kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi kwa wiki mbili. Ukikitoa usifungue plastiki mpaka siku nzima ipite, ule unyevu ugandie nje ya plastiki sio juu ya mbao. Ambacho hakiingii friji ya nyumbani muombe mwenye bucha, ataona vituko lakini atakubali.

Vumbi toa kwa brashi laini ya rangi ya maji. Uchafu ulioganda, amini usiamini, mate yanafanya kazi na watu wa makumbusho duniani wanayatumia: pamba ya masikio, mate kidogo, zungusha usisugue, tupa pamba ikichafuka. Au maji ya betri, yale masafi, sio yale makali ya asidi tafadhali, uliza dukani mara mbili. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha. Pamba ikitoka na rangi, acha mara moja. Thina usiisogeze hapo.

Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo hakuna msasa mkavu. Na vidude vya risasi kwenye modeli ya zamani, nanga ndogo, kapi, vikiwa na unga mweupe juu yake, huo unga ni sumu na unasababishwa na mvuke wa asidi kutoka kwenye mbao au kabati lisilopumua. Makabati ya emdiefu (zile mbao za unga wa mbao na gundi) ni wabaya wakubwa hapo. Kihamishie kwenye hewa, usiupulize unga huo.

Ubao uliobanduka rudisha kwa gundi nyeupe kidogo kwa bomba la sindano, bana kwa uzi wa mpira na vibanio vyenye kitambaa. Supagluu hapana, haitoki tena na inaacha doa jeupe. Mlingoti uliovunjika usiutupe, toboa tundu ncha zote mbili, ingiza kijiti cha mshikaki katikati, unganisha. Kamba iliyokatika, kama bado ina nguvu, iunganishe na uzi mpya wa rangi inayokaribia, na kama imeoza badilisha lakini ile ya zamani itie kwenye bahasha ikae na modeli. Tanga la zamani usilifue, litachanika mikononi. Weka kipande cha kitambaa chembamba nyuma ya mchaniko ukishone kwa mishono michache. Gundi ya uji wa ngano ni nzuri kwa nchi za baridi, kwetu mende watakushukuru.

Nyufa ndizo zinadanganya watu. Kijahazi kilichokaa Mombasa miaka ukikipeleka Nairobi, au Muscat kwenye nyumba yenye kiyoyozi kutwa, mbao zinakauka na nyufa zinafunguka. Mtu anaziba na pati siku hiyo hiyo. Halafu kinarudi pwani, masika inaingia, mbao zinavimba, pati haina pa kwenda, ubao unapasuka pembeni. Kiache kikae hapo kitakapoishi mpaka misimu ipite, kavu na mvua, nyufa nyingi utaona zimejifunga zenyewe. Kinachobaki ndio uzibe, tena kwa kipande chembamba cha mbao ile ile na sio pati.

Kiweke mbali na dirisha, jua la saa chache tu kila siku linatosha kupausha tanga na kulegeza uzi. Kasha la kioo likiwa na vitundu viwili vitatu chini linazuia vumbi na linapumua. Chini ya mkuku weka vigogo viwili vyenye kitambaa, karibu na katikati ya uzito, visiwe kwenye ncha, vinginevyo mkuku utaanza kushuka katikati taratibu na hutagundua mpaka siku mbao za juu zimeanza kufunguka.